Mgomba, Mbuni na Injili: Jinsi Mbegu Zilivyoenea Buhaya

Ukiingia katika kibanja chochote cha Kishanda, uwe umetoka upande wa Bukoba au upande wa Muleba, utakuta mgomba na mbuni vimesimama pamoja. Mgomba unatoa kivuli, mbuni unakaa chini yake, maharage yanatambaa katikati, na pembeni yapo makaburi ya wazee. Miti hiyo miwili inalishwa na samadi moja na nyasi zilezile zilizokatwa rweya na kutandazwa shinani. Wapita njia huiona kama ndugu wa nyumba moja. Hata hivyo, kwa jambo la kuzaa na kuenea, mmoja ni kinyume kabisa cha mwenzake.

Kila mwaka, katika somo la historia ya Kanisa hapa chuoni, wanafunzi huuliza: Injili ililetwa na nani Buhaya? Jibu la haraka ni kwamba ililetwa na wamisionari wa Bethel kutoka Ujerumani mwaka 1910. Jibu hilo lina tarehe sahihi, lakini halielezi jambo lenyewe. Anayetaka kujua jinsi Injili ilivyoenea nchini kwetu atafaidika akianza na jinsi mimea ya kibanja chake mwenyewe inavyoenea. Bwana wetu aliposema habari za ufalme wa Mungu alianza hukohuko, kwa mpanzi na mbegu.

Siri iliyochelewa kujulikana

Katika Marko 4:26–29 Yesu anamtaja mtu aliyemwaga mbegu ardhini, kisha akalala na kuamka usiku na mchana, na mbegu ikaota bila yeye kujua namna gani. Maneno hayo yalikuwa kweli kwa wakulima wote wa dunia kwa karne nyingi sana. Watu walipanda, wakapalilia na kuvuna, lakini kazi ya ua hawakuijua. Wengi walidhani ua ni pambo tu.

Mwaka 1694 Rudolf Jakob Camerarius, mwalimu katika chuo kikuu cha Tübingen, Ujerumani, aliandika matokeo ya majaribio yake. Alitumia mimea ambayo hata sisi tunaifahamu, ukiwamo mnyonyo na mahindi. Alipoondoa maua ya kiume ya mnyonyo kabla hayajafunguka, mbegu hazikupatikana. Alipokata nywele za gunzi la hindi, gunzi halikujaa punje. Akahitimisha kwamba mmea nao una upande wa kiume na upande wa kike. Vumbi la manjano tunaloliita chavua ni lazima lifike kwenye upande wa kike ndipo mbegu ifanyike. Kila anayelima mahindi Muleba ameliona vumbi hilo likiruka kutoka kileleni mwa mhindi, na kila unywele wa gunzi ni njia ya punje moja.

Lakini maua mengi hayategemei upepo. Ni nani basi hubeba chavua yake? Swali hilo lilijibiwa vizuri na mtu wa nyumba yetu ya Kilutheri. Christian Konrad Sprengel alikuwa mtoto wa mchungaji, alisomea theolojia, akawa mkuu wa shule huko Spandau. Mwaka 1787 aliona vinyweleo vidogo ndani ya ua la porini. Kwa kuwa aliamini kwamba Muumba hafanyi hata kinyweleo kimoja bila sababu, aliketi na kuchunguza. Aligundua kwamba vinyweleo vile huzuia mvua isiharibu asali ya ua. Akajiuliza: asali hiyo ni ya nani? Ni ya wadudu. Na wadudu wanalipa nini? Wanabeba chavua kutoka ua moja kwenda jingine. Aliendelea kuchunguza maua ya mamia ya aina ya mimea, na mwaka 1793 akachapisha kitabu.

Malipo yake yalikuwa machungu. Alilaumiwa kwamba anapuuza kazi ya shule kwa sababu ya maua, na mwaka 1794 akaachishwa kazi. Alifariki mwaka 1816 bila heshima aliyostahili. Ilipita miaka mingi ndipo Charles Darwin alipokisoma kitabu chake na kuutambua ukubwa wa kazi ile. Ninawatajia wanafunzi habari hii kwa makusudi, kwa kuwa wapo wanaodhani kwamba kuchunguza viumbe ni kupunguza imani. Sprengel alichunguza kwa sababu aliamini.

Mgomba: mwili mmoja, mikono mingi

Sasa turudi kibanjani. Mgomba una ua kubwa kuliko mimea mingine yote ya shambani kwetu, lakini ndizi yake haina mbegu. Ukiikata ndizi mbivu katikati utaona vidoadoa vyeusi vidogo, mabaki ya mbegu zisizokamilika. Migomba ya porini, ambayo asili yake ni Asia ya Kusini Mashariki na visiwa vya jirani, ina ndizi zilizojaa mbegu nyeusi ngumu kama changarawe. Huko, popo na ndege hunyonya asali ya ua na kubeba chavua. Migomba yetu ya kupika ya nyanda za juu, Nshakara, Nyoya na wenzake, ina seti tatu za vinasaba mahali ambapo mgomba wa porini una mbili. Seti tatu hazigawanyiki sawasawa, kwa hiyo mbegu haifanyiki. Tunda linajaa nyama bila kungoja chavua.

Mgomba kama huo huzaa kwa chipukizi. Chipukizi linatoka kwenye shina la chini la mama yake, na kwa hakika ni mwili uleule wa mama. Ukimpa jirani chipukizi la Nshakara, hukumpa mtoto wa mgomba wako; umempa kipande cha mgomba wako. Wataalamu waliochunguza vinasaba vya migomba ya nyanda za juu za Afrika Mashariki wameona kwamba aina zake nyingi, pamoja na majina yake mengi, zinakaribiana mno, kama matawi ya shina moja lililobadilika kidogokidogo.

Hapo pana historia nzima. Mbegu ya mgomba isiyokuwapo haikuweza kuletwa na ndege, wala upepo, wala maji ya Ziwa Viktoria. Kila mgomba uliopo Kishanda umefika kwa mkono wa mtu. Kulikuwa na mtu aliyelichimbua chipukizi, akalibeba, akalipanda, akampa mwingine, tangu Asia kuvuka bahari, tangu pwani mpaka maziwa makuu, kwa karne nyingi ambazo majina ya wabebaji wake hayakuandikwa. Mgomba ni ushahidi wa mnyororo wa mikono ambao haukukatika.

Ndiyo maana mgomba unafanana na ukoo. Chipukizi hukaa karibu na mama, hurithi kila kitu, na kibanja hupita kutoka kwa baba kwenda kwa mwana pamoja na makaburi yaliyomo. Imani nayo hupokelewa hivyo. Mtoto analetwa kwenye ubatizo mikononi mwa wazazi, anafundishwa Katekisimu, anapata kipaimara, anaimba nyimbo alizoimba bibi yake. Tusiidharau njia hiyo. Paulo mwenyewe, katika 2 Timotheo 1:5, anaitaja imani iliyokaa kwanza kwa bibi yake Timotheo na kwa mama yake.

Mbuni: mti usiozaa peke yake

Mbuni wa robusta una desturi nyingine. Mti huu ni wa kwetu. Asili yake ni misitu ya Afrika ya kati na magharibi mpaka Uganda na upande huu wa ziwa. Mtaalamu wa Kijerumani Albrecht Zimmermann, aliyefanya kazi katika taasisi ya utafiti ya Amani huko Usambara, aliupa jina la kitaalamu la Coffea bukobensis kwa heshima ya Bukoba. Baadaye ilionekana kwamba ni robusta ileile, na jina hilo likaachwa.

Mvua ikinyesha baada ya kiangazi, mibuni huchanua karibu yote kwa pamoja. Kibanja kinakuwa cheupe na kunukia, na baada ya siku chache maua yamenyauka. Katika siku hizo chache chavua lazima isafiri kwa upepo na kwa nyuki. Chavua ya mbuni wa robusta ikianguka kwenye ua la mti uleule haifanyi mbegu, ua linaikataa. Ni lazima itoke kwenye mbuni mwingine, wa uzao tofauti. Hata ukikata vipandikizi 100 kutoka mbuni mmoja na kuvipanda shamba zima, mbele ya chavua hivyo vyote ni mti mmoja, na shamba hilo litachanua vizuri lakini matunda yatakuwa machache. Ndiyo sababu wakulima wanaopata miche ya vipandikizi hushauriwa kuchanganya aina. Kahawa ya arabika ni tofauti: ua lake linaweza kujichavusha lenyewe.

Baada ya chavua kufika, tunda la robusta hukaa mtini miezi kama tisa hadi kumi na moja. Ndani yake kwa kawaida kuna mbegu mbili zilizolaliana uso kwa uso. Zamani, katika msitu, ndege na wanyama walikula utamu wa tunda na kuziacha mbegu mbali na mti mama.

Wazee wetu walilitumia tunda hilo kwa namna mbili zinazostahili kufikiriwa. Kwanza, walichemsha matunda pamoja na majani yenye harufu nzuri, wakayakausha, na kumpa mgeni atafune. Hiyo ndiyo akamwani, na mpaka leo mgeni hupewa kabla ya mazungumzo. Wafanyabiashara waliisafirisha akamwani mbali, Karagwe na Buganda. Lakini mbegu iliyochemshwa haioti. Heshima ya Wahaya ilisafiri, mti haukusafiri nayo. Inasimuliwa pia kwamba zamani watawala walizuia watu wa kawaida wasijipandie mibuni wapendavyo, ili kahawa ibaki chini ya mkono wao.

Pili, kulikuwa na omukago, undugu wa kuchanjiana. Watu wawili wasio wa ukoo mmoja walichukua mbegu mbili za tunda moja la kahawa, wakazipaka damu zao, kila mmoja akala ya mwenzake. Tangu siku hiyo walikuwa ndugu, wenye wajibu wa kulindana mpaka kufa. Wazee hawakujua habari za chavua. Hata hivyo walipotafuta alama ya undugu unaovuka mpaka wa ukoo, waliiacha ndizi na kuchukua tunda la mti ambao hauwezi kuzaa bila mwingine.

Injili: nani aliipanda?

Sasa twaweza kulijibu swali la wanafunzi. Mwaka 1890 Emin Pasha alianzisha kituo cha Wajerumani Bukoba. (Mti wetu wa omuhumula umepewa jina la kitaalamu Maesopsis eminii kwa ajili yake.) Mwaka 1892 wamisionari wa Kikatoliki walianza kazi Kashozi. Wakati huohuo Wahaya walikuwa wakienda Uganda na kurudi, kwa biashara, kwa kazi, kwa jamaa. Baadhi yao huko walijifunza kusoma. Biblia nzima ya Kiganda ilikuwa tayari mwaka 1896, na Kiganda Mhaya anakielewa bila taabu kubwa. Walirudi na vitabu na imani, wakakusanya majirani, wakasoma pamoja. Hawakutumwa na shirika, hawakulipwa mshahara. Andrea Kajerero anakumbukwa miongoni mwa viongozi wa kwanza wa Wakristo hao.

Ernst Johanssen wa Bethel alipofika mwaka 1910 akitokea Rwanda, alikuta Wakristo wa Kiinjili tayari wapo. Wamisionari walipalilia, wakajenga shule na hospitali, wakafundisha. Kazi yao ilikuwa kubwa na tunaishukuru. Lakini mbegu ilikuwa imeshaota, imebebwa na watu waliokuwa wakishughulika na mambo yao mengine, kama nyuki anayetafuta asali na kubeba chavua bila kukusudia. Tena haikuja kwa lugha ya nyumbani wala ya Wajerumani. Ilikuja kwa Kiganda.

Vita ya kwanza ya dunia ilipofika, na Waingereza kuichukua Bukoba mwaka 1916, wamisionari wa Kijerumani waliondoka. Kama Injili hapa ingekuwa chipukizi lililoshikamana na shina la Ujerumani, ingekauka. Wainjilisti na wazee wa sharika waliendelea kuongoza ibada na kufundisha. Katika miaka ya mwisho ya 1930 chavua nyingine ilitoka Rwanda na Uganda: Uamsho. Uliwasumbua wengi, ukaleta mabishano, ukazaa matunda ambayo tunayala mpaka leo.

Katika nyumba hiyo ndimo alimolelewa Josiah Kibira, aliyezaliwa mwaka 1925. Mwaka 1964 alimfuata Bengt Sundkler, Mswidi, katika uaskofu wa Kanisa la Kilutheri la Buhaya. Mwaka 1977, katika mkutano uliofanyika Dar es Salaam, alichaguliwa kuwa Rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Kitabu chake cha mwaka 1974 kinachunguza jambo hilihili: Kanisa lifanyeje katika nchi ambayo ukoo ni kila kitu? Ni swali la mtu aliyekulia kati ya mgomba na mbuni.

Pale mnyauko unapoingia

Swali hilo halijazeeka. Mwaka 2006 mnyauko wa migomba ulithibitishwa mkoani Kagera, ukitokea Uganda ambako ulionekana mwaka 2001. Majani yanageuka manjano, ndizi zinaiva kabla ya wakati na kuoza ndani, mgomba unakufa. Vibanja vilivyolisha vizazi vingi vilifyekwa. Kwa kuwa migomba yetu ni kama mwili mmoja, ugonjwa unaoweza kuuua mmoja unaweza kuiua yote.

Njia ya ugonjwa ni ya kushangaza. Ua la mgomba halizai mbegu tena, lakini bado linatoa asali, na nyuki na wadudu wengine bado wanalitembelea. Wakitoka kwenye mgomba mgonjwa hubeba vijidudu na kuviacha kwenye makovu mabichi ya ua dume la mgomba mzima. Ua linaloita wageni bila kuwa na mbegu ya kuwapa limekuwa mlango wa kifo. Dawa inayofundishwa ni kuondoa ua dume mara chane ya mwisho inapotokea, kwa kijiti chenye panda, si kwa kisu, kwa sababu kisu nacho hubeba ugonjwa. Kisha kung'oa migomba iliyougua. Na jirani mmoja akikaidi, kazi ya wote inapotea.

Kahawa nayo ilipata mnyauko wake mwishoni mwa miaka ya 1990. Lakini kwa kuwa kila mbuni uliotokana na mbegu ni tofauti na mwenzake, ilipatikana mibuni iliyostahimili katikati ya iliyokufa. Watafiti wa TaCRI, wenye kituo Maruku, waliweza kuchagua na kuzalisha aina zinazovumilia, zikiwamo zile zilizoitwa Bukoba 1 na Muleba 1. Uzao wa kuchanganyika uliacha masalia.

Najua mfano wowote una mwisho wake, na si kila kinachoenea ni baraka. Omuhumula ulipopandwa Amani, hondohondo walikula matunda yake na kuzitawanya mbegu mpaka mti huo ukavamia msitu wa asili. Leo viko vikundi vya mahubiri vinavyoenea kwa kasi hiyohiyo, vikiahidi utajiri na kuacha nyuma familia zilizouza shamba. Kuenea peke yake si ushahidi wa kweli. Bwana alisema tutawatambua kwa matunda yao.

Hata hivyo hofu kubwa ya sharika zetu za Kishanda siku hizi iko upande mwingine. Vijana wanaondoka kwenda Mwanza na Dar es Salaam. Wanaokuja kuoa, kuolewa au kufanya kazi kwetu wanakaa viti vya nyuma kanisani mwaka mzima bila kuulizwa jina. Baraza la wazee linajazwa na koo zilezile. Kuna usharika unaochanua vizuri sana kila Jumapili, kwaya na sare, lakini kwa miaka mingi haujabatiza mtu mzima hata mmoja. Tunampa mgeni akamwani, na tunafanya vema. Lakini tunampa iliyochemshwa: heshima ya kutafuna, isiyo na uhai wa kuota.

Basi tushike yote mawili. Wazazi waendelee kuwapa watoto chipukizi kwa mkono wao wenyewe, kwa sala ya jioni na Katekisimu, maana bila mikono hiyo mgomba usingefika Kishanda. Pia kijana anayepanda basi kwenda mjini aombewe mbele ya usharika na kupewa barua ya utambulisho na Biblia, kwa kuwa wale waliotuletea Injili walikuwa vijana wa safari kama yeye. Na mgeni aliyeketi kiti cha nyuma aitwe mbele, apewe kazi, asikilizwe hata anapoomba kwa namna tusiyoizoea. Huenda amebeba kitu ambacho miti yetu, kwa wingi wake wote, haiwezi kujipatia yenyewe.